Bahasha ya Kaki Isikuzibe Mdomo: Mwongozo kwa Mkazi wa Kampala

Bahasha ilifika saa nne asubuhi, nyanya zikiwa bado zinapangwa mafungu. Kijana aliyeileta alivaa shati jeupe na viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Alisimama juu ya ubao tunaovukia mtaro hapa kwetu Bwaise, akauliza jina la jirani yangu, akamwomba atie sahihi kwenye nakala ya pili. Mama wa watu akafuta mikono kwenye kanga, akasaini, kisha akaniletea ile barua mlangoni.

"Mwalimu, nisomee. Hiki ni Kizungu cha mahakama, mimi sikiwezi."

Kurasa zilikuwa tatu. Mawakili wa kampuni moja walimweleza kwamba malalamiko tuliyoandika sisi wakazi, kuhusu malori yanayofukia kinamasi kwa udongo mwekundu, yameivunjia kampuni heshima. Alitakiwa aombe radhi gazetini ndani ya siku 7 na aahidi kutolitaja tena jambo hilo. La sivyo, angedaiwa shilingi milioni 500.

Alikaa kwenye ngazi, akauliza swali moja: "Hizo ni mafungu mangapi ya nyanya?"

Tukapiga hesabu. Fungu ni shilingi 1,000, kwa hiyo ni mafungu laki tano. Akiuza mafungu 40 kwa siku bila kupumzika hata Krismasi, atamaliza deni baada ya miaka 34, na hapo hajala, hajalipa kodi ya nyumba, wala hajalipia nyanya zenyewe.

Malalamiko yetu yalikuwa na sahihi 31. Bahasha zilikuja tatu tu: kwa muuza nyanya, kwa fundi baiskeli na kwa mjane anayepangisha chumba kimoja. Jumapili iliyofuata tuliitana kikao kama kawaida. Tulikuja tisa. Hakuna jaji aliyekuwa ameona karatasi hata moja, na tayari kesi ilikuwa imeshinda.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wale 22 waliobaki nyumbani. Kampuni yenye malori, walinzi na mawakili wa ghorofani inapomwogopa mama mwenye meza moja ya nyanya, inastahili kuchekwa, na hapa tutaicheka waziwazi. Hatua zenyewe, hata hivyo, zifuate kama zilivyoandikwa. Mimi si wakili. Kazi yangu ni kukufikisha kwa wakili ukiwa na karatasi zako mkononi na akili yako mahali pake.

Kwanza, mjue mnyama

Maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Denver huko Marekani, George Pring na Penelope Canan, ndio waliompa mnyama huyu jina katika miaka ya 1980. Waliona raia wa kawaida wakiburutwa kortini kwa sababu waliandika barua serikalini, walisaini maombi, au walisimama wakasema mkutanoni. Sisi tumwite kesi ya kuziba mdomo. Mwenye kuifungua hahitaji kushinda. Anahitaji uchoke, ufilisike na uogope, na majirani zako wakuone ulivyochoka, ulivyofilisika na ulivyoogopa.

Utamtambua kwa alama nne. Anadai fedha ambazo anajua huna. Anawachagua watu binafsi, tena wanyonge, na kuacha vyama na ofisi zilizosema maneno yale yale. Anachotaka hasa ni unyamaze. Kusahihishwa kwa kosa fulani hakumshughulishi. Na hana haraka, maana kila tarehe inayoahirishwa inakugharimu wewe nauli na siku ya kazi, wakati yeye anamlipa mtu wa kumwendea.

Mfano mzuri uko Afrika Kusini. Kampuni za kuchimba madini ya mchanga ziliwashtaki wanasheria watatu wa mazingira na wanaharakati watatu kwa yale waliyoyasema kuhusu migodi yao. Zilidai randi milioni 14.25, au badala yake, waombe radhi tu. Linganisha vitu hivyo viwili na nia yao itajianika yenyewe: mtu aliyepata hasara ya mamilioni haiuzi kwa neno moja la samahani. Huko Malta, mwandishi Daphne Caruana Galizia alipouawa kwa bomu la gari tarehe 16 Oktoba 2017, alikuwa amezungukwa na kesi za kashfa zaidi ya 40. Mtu mmoja, kesi 40. Hiyo ni mvua ya mawe juu ya bati la mtu mmoja.

Tuwe waadilifu pia. Si kila kesi ya kashfa ni ya kuziba mdomo. Daktari aliyeitwa mwuaji na mtu ambaye hajawahi kufika kliniki yake ana haki ya kwenda mahakamani kusafisha jina, na siku moja mtu huyo anaweza kuwa wewe. Tunayemkataa ni mbabe anayeigeuza mahakama kuwa rungu.

Hatua ya 1: Andika kama mtu anayesomwa na hakimu

Kinga ya kwanza iko kwenye kalamu yako. Sheria ya kashfa tuliyorithi kutoka kwa Waingereza inamlinda anayesema kweli, na inamlinda anayetoa maoni ya haki juu ya jambo linalowahusu watu wote. Haimlindi anayevichanganya vitu hivyo viwili kwenye sufuria moja.

Tazama sentensi mbili. Ya kwanza: "Yule mwizi amewahonga wakubwa na anatuua." Ya pili: "Jumanne asubuhi tulihesabu malori 14 yakimwaga udongo kwenye kinamasi. Mvua iliyofuata, maji yaliingia nyumba 9 ambazo hayakuwahi kuingia. Tunaona si haki, na tunaomba kazi isimamishwe hadi ichunguzwe." Ya kwanza inapoza moyo kwa dakika moja. Ya pili inamnyima wakili wa mbabe usingizi, kwa sababu kila kilichomo kinaweza kuthibitishwa, na palipo na maoni pamesemwa wazi kuwa ni maoni.

Kwa hiyo hesabu, andika tarehe, taja mahali. Neno "mwizi" waachie mahakama walitamke wao. Ukitukana umempa mbabe kuni, naye alikuja na kiberiti tayari.

Hatua ya 2: Piga hodi kwenye mlango unaofaa

Neno lile lile lina nguvu tofauti kulingana na masikio yanayolisikia. Malalamiko unayompelekea mwenye wajibu wa kuyashughulikia, kwa nia njema, yana kinga kisheria, hata ikija kugundulika kwamba ulikosea jambo fulani. Ukiyatupa kwenye kundi la WhatsApp la watu 400, kinga hiyo inapungua sana.

Anza na mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wako, na ubaki na nakala yenye muhuri wake. Mambo ya kinamasi yapeleke NEMA, mamlaka ya mazingira, barabara ya Jinja. Ya mitaro na takataka yapeleke KCCA, mamlaka ya jiji. Ya rushwa yapeleke kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali, IGG. Bunge nalo hupokea maombi ya wananchi. Ukiwa na siri nzito ya ufisadi au ya kuharibu mazingira, Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya mwaka 2010 inakukinga dhidi ya kesi ya madai na ya jinai, mradi umeitoa taarifa kwa nia njema na kwa ofisi zilizotajwa humo. Sheria hiyo hiyo inamwahidi mtoa taarifa asilimia 5 ya fedha zitakazorejeshwa. Haimkingi anayeanzia Facebook.

Mtu akikuuliza nani amekutuma, mjibu kwamba ni Katiba ya 1995. Ibara ya 17 inaorodhesha wajibu wa raia, na humo mna kupambana na rushwa na ubadhirifu wa mali ya umma, na kutunza mazingira safi. Ibara ya 29 inakupa uhuru wa kusema. Ibara ya 38 inakupa haki ya kushiriki katika mambo ya serikali na kushawishi sera zake kwa amani. Muuza nyanya aliyesaini malalamiko yetu alikuwa anatimiza kazi aliyopewa na nchi yake.

Hatua ya 3: Nunua sanduku la bati

Sanduku la mwanafunzi wa bweni linatosha. Weka humo nakala ya kila barua uliyopeleka, ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Weka daftari lenye tarehe na saa. Weka picha zilizochapishwa, na nyuma ya kila picha andika nani aliipiga na lini. Simu huibiwa kwenye teksi na kuanguka mtaroni. Daftari hukaa.

Ikiwa ushahidi uko kwenye kabati la serikali, uombe. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inampa raia haki ya kuomba nyaraka zilizo mikononi mwa serikali, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Omba kibali cha kufukia kinamasi. Omba ripoti ya tathmini ya mazingira. Kibali kikiwepo, utajua masharti yake na kama yamevunjwa. Kisipokuwepo, jibu la ofisi la kusema hakipo ni karatasi nzito kuliko hotuba zako zote. Liweke kwenye sanduku.

Hatua ya 4: Msiwe mmoja

Baganda husema kwamba meno yaliyo pamoja ndiyo yatafunayo nyama. Mbabe wetu anaijua methali hiyo, na ndiyo sababu alipeleka bahasha tatu badala ya 31. Anang'oa jino moja moja.

Kumbuka Aprili 2023. Mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika watu wa Kampala wapige picha za mashimo ya barabara zao na kuyaonyesha mtandaoni, kama maonyesho ya sanaa. Mashimo yakaja kutoka kila upande wa jiji: yenye maji, yenye samaki wa kuchora, yenye gari lililozama hadi mlangoni. Wakubwa walikasirika, lakini wangemshtaki nani? Mwenye shimo la Ntinda au la Ndeeba? Kila mtu alikuwa ameleta shimo la kwake, na kila shimo lilikuwa la kweli. Haukupita muda Rais akaagiza shilingi bilioni 6 zitolewe kwa ajili ya mashimo ya Kampala.

Jifunze hapo. Barua isainiwe na wengi, na wengi hao waahidiane kabla ya kusaini: bahasha ikimfikia mmoja imetufikia sote. Andikeni ahadi hiyo. Changeni shilingi 2,000 kila mwezi kwenye mfuko wa nauli na nakala, na mtunza hazina asome hesabu mbele ya watu. Sisi hatukufanya hivyo, na ndiyo sababu Jumapili ile tulikuja tisa.

Hatua ya 5: Bahasha ikifika, anza kuhesabu siku

Usiichane. Usiifiche chini ya godoro. Usikimbilie kijijini. Na usiipige picha ukaiweka mtandaoni na matusi juu yake, maana matusi hayo yatakuwa kesi ya pili.

Kwanza soma juu kabisa. Ikiwa imeandikwa kwenye karatasi yenye nembo ya mawakili, hiyo ni barua ya madai. Ni kelele za mlango, na bado hakuna aliyeingia. Zile siku 7 zimewekwa na mawakili, hazikuwekwa na sheria. Lakini usiipuuze, mpelekee wakili akujibie kwa ukurasa mmoja. Na usisaini radhi yoyote kwa hofu. Sahihi hiyo ni kukiri, na itakufuata.

Ikiwa ina muhuri wa mahakama na namba ya kesi, hiyo ni samansi. Andika kwa wino mwekundu siku uliyoipokea, kisha hesabu siku 15. Ndani ya siku hizo utetezi wako wa maandishi lazima uwe umefika mahakamani. Usipofika, mlalamikaji anaweza kuomba hukumu bila wewe kusikilizwa, na mahakama inaweza kumpa. Kesi nyingi za wanyonge hazikushindwa kwa hoja. Zilishindwa kwa kalenda.

Wala usijidanganye kwamba mahakama zetu ni kobe siku zote. Desemba 2023 Serikali ilizipeleka Mahakama Kuu ya Hoima kaya 42 za eneo la mafuta zilizokuwa zinapinga fidia waliyopangiwa. Hukumu ya kuruhusu waondolewe ilitoka ndani ya wiki moja. Mwenye nguvu akitaka, kobe hukimbia.

Hatua ya 6: Tafuta wakili kabla hujahitaji wakili

Katiba inampa wakili wa gharama ya serikali mtu anayekabiliwa na kosa la kunyongwa au kifungo cha maisha. Anayedaiwa milioni 500 na kampuni anajitafutia mwenyewe. Hili si tatizo letu peke yetu. Huko Uingereza, Helen Steel na Dave Morris walishtakiwa na McDonald's kwa sababu ya vikaratasi vilivyogawiwa barabarani, wakajitetea wenyewe kwa miaka dhidi ya jeshi la mawakili. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba kuwanyima msaada wa kisheria kwenye pigano la namna hiyo kulivunja haki yao ya kusikilizwa kwa usawa.

Hapa Kampala milango ipo. Kuna mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Mawakili cha Uganda, kuna wanasheria wanawake wa FIDA-Uganda, na kuna kliniki ya sheria kwa maslahi ya umma ya Chuo Kikuu cha Makerere. Yako pia mashirika ya haki za binadamu na ya mazingira. Andika namba za zaidi ya mmoja. Agosti 2021 ofisi ya serikali inayosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali ilitangaza kusimamisha mashirika 54 kwa mkupuo, na baadhi yalikuwa ya msaada huu huu. Mwenye mlango mmoja hulala nje ukifungwa.

Hatua ya 7: Omba itupwe mapema

Hapa ndipo wakili wako anapofanya kazi yake, lakini ni vizuri ujue cha kumuuliza. Uganda haina sheria maalumu dhidi ya kesi za kuziba mdomo. Hata hivyo, Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai zina visu viwili vidogo. Agizo la 7, kanuni ya 11, linairuhusu mahakama kuikataa hati ya madai isiyoonyesha msingi wa kesi. Agizo la 6, kanuni ya 30, linairuhusu kufuta madai ya kipuuzi au ya kumsumbua mtu tu. Mwulize wakili wako kama kimojawapo kinafaa, na aombe mapema, kabla mwaka haujapita katika kuahirishwa.

Mwombe pia amwonyeshe jaji hukumu za wenzetu. Mwaka 1993, Nyumba ya Malodi ya Uingereza iliamua, katika kesi ya Baraza la Derbyshire dhidi ya gazeti la Times, kwamba chombo cha serikali hakiwezi kumshtaki mtu kwa kashfa, kwa kuwa wananchi wana haki ya kukikosoa. Novemba 2022, katika ile kesi ya madini ya mchanga, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikubali kwamba kesi ya kuziba mdomo ni matumizi mabaya ya mahakama, na kwamba mshtakiwa anaweza kujitetea kwa hoja hiyo. Hukumu hizo haziwafungi majaji wetu, ila zinasomwa, na jaji makini hupenda kujua jirani alilitatuaje.

Mtapelekwa kwenye usuluhishi, kwa sababu kanuni za mwaka 2013 zinautaka. Nendeni kwa moyo safi. Kama kweli mlikosea idadi ya malori, sahihisheni idadi. Lakini msiuze ukimya. Mapatano yanayosema "wakazi hawatalizungumzia tena" ndiyo hukumu aliyoitaka mbabe tangu siku ya kwanza, na mtakuwa mmempa bure.

Na jueni hatari iliyopo: kwa kawaida anayeshindwa hulipa gharama za mwenzake. Ndiyo maana hatua ya 1 inatangulia. Aliyesema kweli kwa adabu, kwa ofisi inayohusika, akiwa na sanduku la bati nyuma yake, ana sababu nyingi za kulala usingizi.

Hatua ya 8: Bahasha ikija na pingu

Wakati mwingine mbabe hapiti kwa wakili, anapita polisi. Kesi ya jinai humziba mtu mdomo haraka zaidi, kwa sababu inaanza na seli. Vijana walioandamana kuelekea Bungeni kupinga rushwa Julai 2024 walikamatwa na kushtakiwa kwa kero ya umma. Kumbe kusema "msiibe" ni kero, na wizi wenyewe ni utulivu!

Hata huku raia wamewahi kushinda, na ushindi wao ni wako. Mwaka 1997 Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, waandishi wa Monitor, walishtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo. Walipigana hadi Mahakama ya Juu, na Februari 2004 mahakama hiyo ikalifuta kosa hilo kabisa. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ililifuta kosa la uchochezi. Januari 2023 ikakifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichowapeleka watu kortini kwa "mawasiliano ya kukera" bila kueleza ni nani akikereka na kwa kipimo gani.

Kashfa ya jinai nayo Mahakama yetu ya Katiba iliilinda mwaka 2009. Wenzetu wametutangulia. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, iliamua Desemba 2014 katika kesi ya mwandishi wa Burkina Faso, Lohé Issa Konaté, kwamba kumfunga mtu kwa kashfa kulivunja uhuru wake wa kusema. Mahakama Kuu ya Kenya ikaiondoa kashfa ya jinai Februari 2017.

Ukikamatwa, taja jina lako na uombe wakili. Waambie jamaa uko kituo gani. Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Wenzako wazihesabu kwa sauti, nje ya kituo, kwa utulivu, na wasitawanyike kabla hawajaona uso wako.

Hatua ya 9: Mdai mbunge wako sheria

Hatua zote nane ni mwavuli. Mvua yenyewe itazuiwa na paa, na paa ni sheria. Jimbo la California lilijipatia yake mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulipitisha yake Aprili 2024, miaka sita na nusu baada ya kifo cha Daphne, na watu wengi wanaiita kwa jina lake. Sisi pia tunaweza.

Sheria hiyo haihitaji kuwa ndefu. Mshtakiwa aweze kuomba kesi itupwe mwanzoni kabisa, na kila kitu kisimame hadi ombi lake liamuliwe. Akionyesha kwamba alishtakiwa kwa kushiriki katika jambo la umma, mzigo uhamie kwa mlalamikaji, athibitishe kwamba kesi yake ina msingi. Isipokuwa nao, alipe gharama zote za mshtakiwa. Na ikidhihirika kwamba alikuja kutisha, alipe fidia juu yake. Mambo manne. Mbunge wako akija kuomba kura, mpe karatasi yenye mambo hayo manne na umwombe asaini mbele ya watu, kama yule kijana alivyomsainisha jirani yangu.

Akikuuliza haraka ya nini, mpeleke Kiteezi. Dampo lile lilianza kupokea takataka za Kampala mwaka 1996, likajaa, likaonywa, likaendelea kujazwa. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa takataka uliporomoka juu ya nyumba za watu na kuua zaidi ya watu 30. Katika mji kama huu, mtu anayelalamikia mtaro, kinamasi au dampo ni king'ora. Anayemziba mdomo anazima king'ora nyumba ikiwa inaanza kuwaka.

Neno la mwisho

Jirani yangu hakuomba radhi. Wakili wa msaada alijibu kwa ukurasa mmoja, akaambatanisha nakala za malalamiko yenye muhuri wa LC na picha za malori. Siku 7 zikapita. Ikapita miezi. Samansi haijaja, na pengine itakuja, kwa sababu sheria inampa mdai miaka. Sanduku la bati liko chini ya meza ya nyanya, na limewekewa kufuli.

Jumapili ya pili tulikuja 26. Fundi baiskeli aliisoma bahasha yake kwa sauti, kuanzia nembo hadi sahihi, na watu waliposikia milioni 500 walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Baada ya kicheko kile, hofu iliyokuwa imekaa nasi wiki mbili haikurudi na uzito ule ule.

Basi nakuomba jambo moja, ndugu msomaji. Bahasha ya kaki ikikufikia, toka nayo nje, waite majirani, muisome pamoja, kisha, ikiwa ni samansi, mwanze kuhesabu siku 15. Usiisome peke yako.